Windows 7 inapokataa programu mpya: soma kosa kwanza, usikimbilie kupiga Windows upya

Kabla hujamwita fundi aje kupiga Windows upya, chukua simu ulipige picha lile dirisha la kosa. Lipige lote, maneno yasomeke, pamoja na tarakimu za chini zinazoonekana hazina maana. Jibu liko humo.

Mimi natengeneza kompyuta za steshenari na ofisi ndogo hapa Morogoro, kuanzia Msamvu hadi Mazimbu, na mashine nyingi ninazoitiwa hazijaharibika. Zinawaka vizuri na zinachapa kutwa nzima. Tatizo ni kwamba zinaendeshwa na Windows 7, na programu za sasa hazikutengenezwa tena kwa ajili yake. Mwenye duka anaambiwa mashine imechoka, analipia kupigiwa Windows 7 ileile, anapoteza mafaili ya wateja, na kosa linabaki palepale. Hilo linaniuma, kwa sababu kupiga upya mara nyingi kunaiacha mashine katika hali mbaya kuliko mwanzo, na nitaeleza kwa nini.

Windows 7 ilitoka Oktoba 2009. Masasisho yake ya bure yalikoma tarehe 14 Januari 2020, na makampuni yaliyokuwa yakilipia muda wa nyongeza yakafika mwisho Januari 2023. Mwezi huohuo Chrome ikatoa toleo la 109, ambalo ndilo la mwisho kukubali Windows 7. Python, lugha ya kuandikia programu, iliiacha tangu toleo la 3.9, na LibreOffice, programu ya bure ya ofisi kama Word na Excel, ikaiacha kwenye toleo la 25.8. Kila programu ina siku yake ya kuaga. Ndiyo maana unaona jana hiki kilifunguka, leo kile kimegoma, ilhali wewe hujagusa kitu.

Makosa yote haya mimi nayaweka kwenye mafungu matatu. Kuna kipande kinachokosekana ambacho kinaweza kuongezwa. Kuna suala la uaminifu, yaani vyeti vya usalama na saini za kidijitali ambazo mashine haizitambui. Na kuna kazi ambayo Windows 7 haijawahi kuwa nayo. Mafungu mawili ya mwanzo yana dawa. La tatu halina, na ukilijua mapema unaokoa hela na bando.

Ijue mashine yako

Bofya kulia kwenye alama ya Computer, chagua Properties. Angalia kama pameandikwa Service Pack 1, yaani furushi kubwa la masasisho ya Windows 7. Angalia kama mfumo ni wa biti 32 au 64. Angalia ramu. Haya matatu yaandike kwenye karatasi uibandike ubavuni mwa mashine, kwa sababu kila hatua inayofuata inayahitaji.

Kama Service Pack 1 haipo, anza nayo, namba yake ni KB976932. Bila hiyo karibu kila kitu nitakachotaja hapa chini kitakataa kuingia. Kama mfumo ni wa biti 32 na programu uliyopakua ni ya biti 64, utaambiwa faili haliendani na Windows yako, au kwamba si "valid Win32 application". Rudi ulikotoa programu, tafuta iliyoandikwa x86. Ujumbe huo wa pili hutokea pia faili likikatika njiani bando likiisha, kwa hiyo linganisha ukubwa wa faili lako na ule ulioandikwa kwenye ukurasa wa kupakulia.

Halafu saa. Kwenye mashine kuukuu, kabla ya lolote tazama tarehe iliyo chini kulia. Betri ndogo ya kwenye ubao mama, CR2032, ikiisha, kila umeme ukikatika mashine inarudi miaka ya nyuma. Vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kuisha, kwa hiyo mashine inayodhani tuko 2009 itaikataa kila tovuti. Mtu anasema intaneti imekufa, kumbe ni betri inayouzwa hata kwa mafundi saa. Zima mashine, chomoa waya wa umeme, badilisha betri, washa, rekebisha tarehe. Tovuti zikifunguka, huna haja ya kuendelea na mengine.

Kipande kinachokosekana

Hapa ujumbe utataja faili lenye mwisho wa .dll na kusema "is missing from your computer". Ninalokutana nalo zaidi ni api-ms-win-crt-runtime-l1-1-0.dll. Watu wanaliandika Google, wanafika kwenye tovuti inayogawa faili hilo peke yake, wanalibandika ndani ya System32. Tafadhali usifanye hivyo. Hujui nani ameligusa faili hilo, na hata likiwa safi, mwenzake atadaiwa dakika inayofuata, kwa kuwa liko kwenye kundi kubwa la mafaili yanayokwenda pamoja.

Kundi hilo linaletwa na sasisho la Microsoft lenye namba KB2999226, linalohitaji Service Pack 1 iwepo. Baada yake weka furushi la Visual C++ Redistributable la 2015. Kwenye mashine ya biti 64 weka la x86 na la x64 yote mawili, kwa sababu programu ya biti 32 inatafuta la kwake hata kama Windows ni ya biti 64. Washa upya, jaribu tena.

Programu nyingine, hasa za mauzo na za hesabu, zitadai .NET Framework, furushi la Microsoft ambalo programu hizo hulitegemea ili zifanye kazi. Toleo la mwisho kwa Windows 7 ni 4.8. Ukiona programu inadai 4.8.1, achana nayo, tafuta toleo la nyuma la programu hiyo. Na kama kisakinishi cha .NET kikilalamika kwamba "certificate chain" haikuweza kujengwa hadi kwa mamlaka inayoaminika, jua mashine haina cheti cha mzizi cha Microsoft cha 2011. Kipakue kwa Microsoft wenyewe, kifungue, kiweke kwenye sehemu ya Trusted Root Certification Authorities, kisha endesha kisakinishi upya. Nimeona watu wakipakua .NET mara nyingi wakidhani faili ni bovu, kumbe faili ni zima.

Suala la uaminifu

Hili ndilo fungu linalonifanya niwasihi watu wasikimbilie kupiga Windows upya. Mwaka 2019 Microsoft walibadilisha aina ya saini wanayoiweka kwenye masasisho yao, wakaacha mbinu ya zamani iitwayo SHA-1 wakabaki na mpya, SHA-2. Windows 7 ya kwenye diski ya zamani haisomi saini mpya. Mwaka 2020 wakafunga pia njia ya zamani ambayo mashine hizo zilikuwa zikiitumia kuulizia masasisho. Kwa hiyo mashine yako iliyokuwa imejisasisha polepole tangu zamani ina ujuzi huo tayari. Ukiipiga upya kwa diski ya 2011 unaufuta, na mashine inakuwa haiwezi hata kuomba masasisho. Draiva mpya zinakataliwa. Masasisho unayoyaweka kwa mkono yanarudisha kosa 80092004, na Windows Update inazunguka bila kupata kitu.

Kama umeshapigiwa, dawa ipo. Tumia mashine nyingine yenye brauza ya kisasa kufungua Microsoft Update Catalog, pakua haya kwa aina ya biti uliyoandika kwenye karatasi yako, uyaweke kwenye flashi:

Kwanza KB3020369, kisha KB3125574. Hili la pili ni furushi moja lililokusanya masasisho mengi yaliyotoka baada ya Service Pack 1 hadi Aprili 2016. La biti 64 linakaribia MB 500, kwa hiyo lipakue mara moja ulitunze. Mimi ninalo kwenye flashi ninayotembea nayo. Baada ya hapo weka KB4490628, washa upya, weka KB4474419, washa upya tena. Mawili haya ya mwisho ndiyo yanayoifundisha mashine kusoma saini mpya. Usibadilishe mpangilio. Sasisho likisema limeshawekwa, songa kwenye linalofuata.

Kuna ugomvi mwingine unaofanana na huu, wa TLS, yaani ile lugha ya siri ambayo mashine na tovuti huzungumza ili mtu wa kati asisikilize. Windows 7 inaijua TLS 1.2, lakini njia yake ya ndani inayotumiwa na programu nyingi haiitumii yenyewe mpaka iambiwe. Chrome na Firefox zina njia zao, hazijali. Utaona brauza inafungua vizuri lakini programu ya barua pepe au ya mauzo inashindwa kuunganika na seva yake. Weka KB3140245, kisha fungua regedit, yaani kihariri cha rejista inayotunza mipangilio ya Windows, nenda HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Internet Settings\WinHttp, tengeneza thamani ya DWORD iitwayo DefaultSecureProtocols, iandikie a00 kwa heksadesimali. Kwenye biti 64 rudia hivyohivyo ndani ya Wow6432Node. Hifadhi nakala ya rejista kabla hujaigusa. Kama hujawahi kuifungua rejista, hii hatua moja mwachie fundi, ila mpe namba hizi mkononi asianze kubahatisha.

Kazi isiyokuwepo

Ujumbe wake unaanza na "The procedure entry point", halafu jina refu, halafu unamalizia kwa kusema halikupatikana ndani ya KERNEL32.dll. Jina ninaloliona mara nyingi ni GetSystemTimePreciseAsFileTime. Hiyo ni kazi ya kusoma saa kwa usahihi mkubwa, na ilianza na Windows 8. Aliyeandika programu ameiomba Windows ifanye jambo ambalo Windows 7 haikuwahi kulijua.

Hapa simama. Hakuna sasisho wala antivirasi itakayoiingiza. Usibadilishe KERNEL32.dll kwa kunakili ya kwenye mashine ya rafiki yako, maana mashine haitawaka.

Wengi hapo hubofya kulia kwenye programu wakaenda kwenye kichupo cha Compatibility. Kile kichupo kimewekwa kwa ajili ya programu ya zamani kwenye Windows mpya: kinaidanganya programu kwamba bado iko kwenye XP. Kuelekea upande wa pili hakuna. Windows 7 haiwezi kujifanya Windows 10, kwa kuwa vitu vyenyewe havimo ndani yake.

Unachoweza kufanya ni kurudi nyuma kwenye toleo la mwisho la programu hiyo lililokubali Windows 7, ulichukue kwenye tovuti ya watengenezaji wenyewe. Kwa brauza, ninawawekea watu Firefox ESR 115, toleo la Firefox la msaada wa muda mrefu. Mozilla waliisogeza mbele mara kadhaa kwa ajili ya watu wa Windows 7, ikapata viraka vya usalama muda mrefu baada ya Chrome 109 kuachwa. Hiyo inatosha kufungua fomu na kuangalia matokeo. Mambo ya benki na nywila za wateja usiyafanyie hapo. Steshenari inashika namba za NIDA, vyeti vya kuzaliwa na barua za mikopo za watoto wa watu. Dhamana hiyo ni nzito, na mfumo usiotibiwa hauwezi kuibeba.

Nyaraka zinazohama kurasa

Mama mmoja mwenye duka jirani na chuo aliniita akiamini Word yake imeingiwa na virusi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu tazama, binti kaleta ripoti yake ya fildi. Kwenye laptop yake kila sura iko mahali pake, hapa kwangu zimesukumana mpaka jedwali limekatika katikati. Ananiambia mimi ndiye nimemharibia."

Nikabofya katikati ya aya, nikatazama kisanduku cha fonti. Kimeandikwa Aptos.

"Mama, mashine yako haina ugonjwa. Hii herufi ni ngeni kwake."

Aptos ndiyo fonti ambayo Word mpya huanza nayo tangu 2023, baada ya Calibri. Office 2007 au 2010 haina fonti hiyo, kwa hiyo inatafuta herufi nyingine inayokaribiana, upana wa kila herufi unabadilika kidogo, na kwenye ripoti ndefu huo udogo unakusanyika kuwa kurasa nzima. Binti alirudi hosteli akaihifadhi kama PDF, tukaichapa, kila kitu mahali pake. Sasa mama ana tangazo ukutani: kazi ya kuchapa iletwe kwa PDF. Mteja anayetaka kurekebisha palepale dukani, mwambie abadilishe maandishi yote kuwa Times New Roman kwenye laptop yake kabla hajaleta flashi. Vyuo vingi vinaitaka hiyo hata hivyo.

Excel ina lake. Ukifungua faili ukaona fomula imeanza na _xlfn., mwandishi ametumia kazi ambayo Excel yako haina. XLOOKUP, kwa mfano, haimo hata kwenye Excel 2016. Namba utaziona bado zipo, kwa kuwa Excel inaonyesha jibu la mwisho lililohifadhiwa. Usibofye ndani ya seli hizo ukabonyeza Enter, maana zitageuka #NAME? na jibu litapotea. Lichape kama lilivyo au mwombe mwenye kazi abadilishe fomula. Kwa hesabu za mishahara au za vikoba naomba uwe mwangalifu sana hapa.

Kuhama

Kuna wakati wa kuhama, na kwa maoni yangu ni pale kosa la fungu la tatu linapogusa kazi inayokuingizia riziki. Mashine yenye Core 2 Duo au Core i3 ya zamani bado ina uhai. Itoe hardi diski inayozunguka, weka SSD, fikisha ramu GB 4 au zaidi. Mabadiliko hayo mawili yanaonekana siku hiyohiyo.

Windows 11 haitakuja kwenye mashine hiyo kwa njia halali, kwa sababu inataka TPM 2.0, yaani chipu ya usalama, na prosesa mpya zaidi. Windows 10 itaingia, lakini msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo usiilipie kana kwamba umefika; umesogea tu. Kwa duka ambalo kazi yake ni brauza, kuchapa PDF na kuandika barua, mimi napendekeza Linux Mint, mfumo mwingine unaochukua nafasi ya Windows, ile yenye mwonekano mwepesi uitwao Xfce. Mint 22 inasasishwa hadi 2029, ni bure, na haihitaji krak. Ina LibreOffice, inayoweza kutumia Liberation Serif na Carlito, fonti zilizochongwa kwa upana uleule wa Times New Roman na Calibri, kwa hiyo kurasa hazisukumani ovyo. Ijaribu kwanza kutoka kwenye flashi bila kuiweka, uone kama waifai na sauti vinafanya kazi.

Kinachowaangusha wanaohama ni printa. Draiva ya biti 32 haiingii kwenye Windows ya biti 64, na printa nyingi za zamani hazikupewa draiva nyingine. Tafuta namba kamili ya printa na skana yako, hakikisha draiva ya mfumo mpya ipo, uipakue kabla hujafuta chochote. Vilevile kwa programu ya hesabu ya miaka mingi: kama ni ya biti 16, Windows ya biti 64 haitaiendesha kabisa. Hapo iache kwenye mashine yake ya zamani, chomoa intaneti humo moja kwa moja, mafaili yapite kwa flashi inayokaguliwa. Au, ukiwa na mashine mpya yenye ramu ya kutosha, weka VirtualBox, programu inayoendesha mfumo mmoja ndani ya mwingine, na ndani yake uifungulie Windows 7 ya biti 32 isiyo na mtandao.

Siku ya kuhama yenyewe, nakili mafaili kwenye hardi diski ya nje, ulifungue mojawapo kwenye mashine nyingine kuhakikisha kweli yamenakilika. Kumbuka nywila zilizohifadhiwa ndani ya brauza; ziandike kabla. Fundi akimaliza, usimlipe yote bado. Kaa kwenye kiti mwenyewe: chapa ukurasa mmoja, skani kitambulisho kimoja, fungua ripoti yenye majedwali, ingia kwenye zile tovuti tatu nne unazozitumia kila siku, zima mashine, chomoa umeme, washa tena, tazama tarehe.